Meza ya Mwalimu wa Taaluma: Niliyojifunza Katika Kupanga Orodha kwa Java

Mwaka 2017, nikiwa nyumbani Morogoro kwa likizo ndefu ya chuo, mwalimu wangu wa zamani aliniomba nimsaidie kazi ambayo kwa miaka mingi alikuwa akiifanya kwa mkono. Alikuwa mwalimu wa taaluma katika shule ya sekondari niliyosoma, na kila mwisho wa muhula alikesha siku tatu au nne akijumlisha alama, akitafuta pointi za kila mwanafunzi, kisha akipanga majina kuanzia la kwanza hadi la mwisho ili mkeka, yaani karatasi ya matokeo, ubandikwe kwenye ubao wa matangazo kabla shule haijafungwa. Mimi nilikuwa nimemaliza somo la Java, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, muhula uliotangulia, nikamjibu kwa uhakika kwamba kazi hiyo ya siku nne ingekuwa ya dakika moja.

Kasi niliyomwahidi ilipatikana bila shida. Kilichonichukua muda mrefu ni kuelewa kwamba kompyuta haijui nani anatangulia. Inafuata tu kanuni ya ulinganisho iliyoandikiwa, na karibu kila kanuni niliyoiandika bila kumuuliza mwalimu ilikuwa na kasoro ambayo yeye, mezani kwake, alikwisha kuitatua miaka mingi kabla sijazaliwa.

Siku ya kwanza nilikaa naye katika chumba cha walimu nikamtazama. Kidato cha nne kilikuwa na mikondo mitatu, na kila mwalimu wa darasa alikuwa ameshapanga kadi za mkondo wake. Mwalimu alizilaza zile kadi mafungu matatu juu ya meza ndefu, akawa anatazama kadi ya juu ya kila fungu, anachukua iliyo bora kuliko zote tatu, anaiweka pembeni, kisha anatazama tena. Fungu moja lilipokwisha aliendelea na mawili, na moja lilipobaki alilibeba lote kama lilivyo na kuliweka chini ya mengine, kwa kuwa lilikuwa tayari limepangika. Wanafunzi wawili walipolingana pointi alitazama jumla ya alama zao, na jumla nazo zilipolingana aliwaacha kwa utaratibu wa daftari la mahudhurio, akawapa nafasi moja wote wawili, kisha akaruka nafasi iliyofuata. Kadi za waliougua na kukosa mitihani hazikuingia mezani kabisa. Alizibana chini ya kitabu cha zamu, akaziandika mwisho kwa alama ya ABS. Aliniuliza, "Mwanangu, mbona huandiki?" Nikamjibu, "Nimeelewa, Mwalimu." Nilikuwa nimeona tu mikono yake inavyokwenda, na maamuzi yaliyokuwa nyuma ya mikono hiyo sikuyaona.

Programu yangu ya kwanza ilitunza majina katika safu moja na pointi katika safu nyingine, kwa matumaini kwamba jina la tano na pointi ya tano vingeendelea kuwa vya mtu mmoja. Nilipanga safu ya pointi kwa mizunguko miwili iliyoingiliana, nikilinganisha kila majirani wawili na kuwabadilishana inapobidi, na nilipochapa karatasi pointi zilikuwa zimepangika vizuri kabisa huku majina yakiwa yamebaki palepale yalipokuwa. Mwalimu alisoma mstari wa kwanza, akavua miwani. Alisema kwamba kijana aliyeandikwa pale hajapata kupata pointi 9 tangu aingie shuleni, na kwamba anayestahili pointi hizo ameandikwa ukurasa wa pili. Alikuwa anawajua wanafunzi wake mmoja mmoja, na lau asingewajua, karatasi ile ingebandikwa.

Hapo ndipo nilipoelewa, kwa uchungu wa kazi na si kwa maneno ya mhadhara, kwa nini lugha kama Java imejengwa juu ya vitu badala ya safu za namba zilizotawanyika. Niliunda klasi, yaani kiolezo cha kuundia vitu vya aina moja, niliyoiita Mwanafunzi (nasema klasi, kwa kuwa kuiita darasa katika programu ya shule kulituchanganya mimi na mwalimu siku nzima), ndani yake nikaweka jina, namba ya usajili, mkondo, alama za masomo, jumla na pointi. Tangu hapo anayehamishwa katika orodha ni mwanafunzi mzima pamoja na kila kilicho chake, kama ile kadi ya mwalimu ilivyosogezwa mezani na kila kilichoandikwa juu yake. Mizunguko yangu niliifuta, nikaanza kutumia `Collections.sort`, amri ya kupanga orodha ambayo imo ndani ya Java tangu toleo la 1.2 la mwaka 1998.

Lakini `Collections.sort` huhitaji kuambiwa jinsi ya kulinganisha, na kwa hilo Java ina mikataba miwili. Mkataba wa kwanza unaitwa `Comparable`, nao huandikwa ndani ya klasi yenyewe: kitu hujilinganisha na mwenzake kupitia methodi (kipande cha programu chenye jina na kazi yake) ya `compareTo`, kikarudisha namba hasi iwapo kinatangulia, sifuri iwapo vinalingana, na namba chanya iwapo kinafuata. Wa pili unaitwa `Comparator`, nao hukaa nje ya klasi, kama mwamuzi anayeletewa vitu viwili na kuulizwa kipi kitangulie. Mimi nilichagua wa kwanza kwa sababu mifano ya chuoni ilianza nao, nikaandika ndani ya Mwanafunzi kwamba mwenye pointi chache anatangulia, kwa kuwa katika mtihani wa kidato cha nne A ni pointi 1 na F ni pointi 5, huhesabiwa masomo saba yaliyo bora, na mwenye pointi 7 ndiye wa juu kabisa.

Haikupita wiki kabla uamuzi huo haujanirudia. Mhasibu wa shule alitaka orodha ileile kwa alfabeti ili alinganishe na risiti zake. Mwalimu wa darasa alitaka wa mkondo wake wakae pamoja. Kisha mwalimu wa taaluma mwenyewe akaniletea mafaili ya zamani, akitaka miaka yote iwe katika programu moja, na humo nikakuta matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2014, ambayo yalitolewa kwa mfumo wa GPA kabla ya taifa kurudi kwenye madaraja katika matokeo ya mwaka 2015. Katika GPA namba kubwa ndiyo bora, na katika pointi namba ndogo ndiyo bora. Klasi yangu ilikuwa imebeba tumboni mwake hukumu moja ya ubora, nayo ilikuwa kweli kwa miaka kadhaa na uongo kwa mwaka mwingine.

Tangu siku hiyo huweka ndani ya klasi utaratibu mmoja tu usiobishaniwa na mtu yeyote, na kwa mwanafunzi utaratibu huo ni namba ya usajili. Mengine yote huyaandika nje, kila moja kwa jina lake, ili anayesoma programu aone wazi kwamba huu ni mlinganisho wa nafasi na ule ni wa majina. Wapo wenzangu wanaoona kwamba hii ni kazi ya ziada isiyo na lazima, kwani kuandika mlinganisho ndani ya klasi kunafupisha programu. Nawaheshimu, lakini mimi nimeshabomoa klasi iliyokuwa imeenea katika faili kumi na moja kwa sababu ya ufupi huo, na sitamani kuirudia kazi ile.

Kosa la madaraja lilikuwa dogo, lakini lilinifundisha kutoamini jaribio linalofaulu. Nilihifadhi daraja kama maandishi: I, II, III, IV na 0. Nilipopanga kwa maandishi hayo, nne za kwanza zilikaa sawasawa, kwa kuwa I inatangulia II, II inatangulia III, na herufi I iko mbele ya V katika jedwali la herufi za kompyuta. Ilikuwa bahati tupu. Darasa nililojaribia halikuwa na daraja la sifuri hata moja. Muhula uliofuata waliopata sifuri walikuwepo, na kwa kuwa katika jedwali hilo tarakimu 0 ina namba 48 na herufi I ina namba 73, walitangulia orodha yote, juu ya walioongoza shule. Dawa ya kosa hilo ilikuwa kuandika madaraja kama enumu, yaani orodha fupi ya thamani zinazojulikana, ambazo Java huzipanga kwa utaratibu uleule ulioziandikia.

Sasa nifike kwenye kosa ambalo hadi leo likinijia usiku hukatisha usingizi wangu. Nilikuwa nimesoma kuhusu `TreeSet`, mkusanyiko unaojipanga wenyewe kila kitu kinapoingizwa na usiokubali kitu kimoja kuingia mara mbili. Niliona umenifaa pande zote mbili, kwa sababu wakati mwingine mwalimu wa darasa aliingiza jina moja mara mbili kwa bahati mbaya. Nilichokuwa sijui ni kwamba `TreeSet` haitambui kufanana kwa `equals`, methodi ya kawaida ya kuuliza kama vitu viwili ni sawa. Hutumia mlinganisho uleule wa kupanga. Mlinganisho ukirudisha sifuri, kwake vitu hivyo viwili ni kitu kimoja, na cha pili hakiingii. Hautolewi ujumbe wowote wa kosa, na programu haisimami.

Mara ya kwanza nililinganisha kwa pointi peke yake. Pointi za kidato cha nne ni kuanzia 7 hadi 35, yaani thamani 29 tu, kwa hiyo hata shule ingekuwa na wanafunzi elfu moja, mkusanyiko wangu usingeweza kubeba zaidi ya 29. Wanafunzi 112 waliingia, majina 21 yakatoka, na upungufu huo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba niliuona papo hapo. Nikaongeza jumla ya alama kama kigezo cha pili. Karatasi ikajaa, ikawa kurasa tatu kama kawaida, nikaridhika, nikaituma.

Majina yaliyotoka yalikuwa 111. Wasichana wawili wa mikondo tofauti walikuwa wamelingana pointi na wamelingana pia jumla, jambo ambalo nililihesabu kuwa haliwezekani, na mmoja wao hakuwemo. Mwalimu alinieleza baadaye kwamba binti yule aliusoma mkeka mara tatu mbele ya wenzake, kisha akaenda ofisini kuuliza kama jina lake limeondolewa kwa sababu ya michango ambayo wazazi wake walikuwa hawajamaliza kuilipa. Alikuwa na pointi 16, daraja la kwanza. Alikaa saa nzima akiamini kwamba shule imemfukuza, na kilichomwondoa ni sifuri iliyorudishwa na mistari mitatu niliyoiandika mimi.

Ukarabati wa nusu ndio uliotuponza. Majina 21 yaliniambia ukweli. Majina 111 yalinificha. Nimeona jambo hilohilo mara nyingi tangu wakati ule: mtu anakuta vitu vinapotea katika mkusanyiko unaojipanga, anaongeza kigezo cha pili, upotevu unapungua hadi hauonekani kwa macho, naye anafunga kazi. Mlinganisho wa mkusanyiko wa namna hiyo ni lazima uishie kwenye kitu ambacho watu wawili hawawezi kuwa nacho pamoja, na kwetu ilikuwa namba ya usajili. Hata hivyo namba ya usajili haipaswi kuamua nafasi ya mtu darasani. Wale wasichana wawili walistahili nafasi moja, kama mwalimu alivyokuwa akifanya kwa kadi zake. Kwa hiyo ikabidi niwe na milinganisho miwili, mmoja wa kuamua nani aandikwe mstari gani na mwingine wa kuamua nani amelingana na nani, na niache kuvichanganya. Orodha nikairudisha kwenye `ArrayList` ya kawaida inayopangwa mwishoni, na kwa yale majina yaliyoingizwa mara mbili nikatumia ukaguzi wake wa pekee. Nikaandika pia mstari unaohesabu waliokuwemo kabla ya kupanga na waliomo baada ya kupanga, na kukataa kuchapa iwapo hesabu zinatofautiana.

Kuhusu waliokosa mtihani, nilijaribu kuwa mwerevu kuliko kitabu cha zamu. Wastani wa mwanafunzi ambaye hajafanya somo lolote ni sifuri kugawanya kwa sifuri, na katika namba za desimali Java haisimami kwa hilo. Inatoa thamani ya pekee iitwayo `NaN`, isiyo namba. `Double.compare` huihesabu thamani hiyo kuwa kubwa kuliko namba zote, hata kuliko isiyo na mwisho. Tulipopanga wastani kutoka mkubwa kwenda mdogo, kijana aliyelazwa hospitali muhula mzima akawa wa kwanza. Niliwatenga kabla ya kupanga, nikawaongeza mwisho, kama mwalimu.

Toleo la 8 la Java, lililotoka mwaka 2014, lilirahisisha uandishi wa milinganisho kwa kiasi kikubwa, kwani mtu anaweza kuunganisha vigezo kimoja baada ya kingine kwa `comparing` na `thenComparing` na msomaji akauelewa mstari huo kama sentensi. Lakini neno `reversed` likiwekwa mwisho wa mnyororo hugeuza mnyororo wote, wala si kigezo cha mwisho pekee. Nilitaka pointi zipande na jumla ishuke. Nikapata pointi zinazoshuka na jumla inayoshuka vilevile hadi nilipogeuza mahali panapohusika tu. Mtu akinitazama nikiandika siku hizi ataona nasoma kila kigezo kwa sauti, na mwelekeo wake, kabla ya kuendelea na kinachofuata.

Majina yalihitaji uvumilivu zaidi kuliko nilivyotarajia. `String` za Java hulinganishwa kwa namba za herufi, na herufi kubwa zote, kuanzia 65 hadi 90, ziko mbele ya herufi ndogo zote, kuanzia 97 hadi 122, kwa hiyo jina lililoandikwa abdallah kwa herufi ndogo linakuja baada ya Zuhura. Hilo hutatuliwa upesi. Lililonishughulisha ni ng' yetu. Shule ilikuwa na wanafunzi wengi wenye majina ya Kisukuma kama Ng'wandu, na karani mmoja aliandika ritifaa, yaani ile alama ya juu, kwa kitufe cha kawaida, ambayo namba yake ni 39, huku mwingine akinakili kutoka programu ya uandishi inayoipinda ritifaa hiyo kuwa alama nyingine yenye namba 8217. Ya kwanza iko mbele ya herufi zote na ya pili iko nyuma ya herufi zote, kwa hiyo ndugu wawili wa baba mmoja walitenganishwa na akina Ngonyani, Nguma na wengine wote waliokuwa katikati. Java ina `Collator`, iliyotengenezwa kwa ajili ya kupanga maandishi kwa desturi za lugha mbalimbali, nayo inafaa kujulikana, lakini katika kazi hii niliona ni salama zaidi kuisawazisha ritifaa wakati jina linapoingizwa, na kulinganisha kwa nakala ya jina isiyo na ritifaa wala herufi kubwa, huku jina lenyewe likichapwa kama mzazi alivyoliandika. Mhasibu alipoipata orodha hiyo alisema sasa anaweza kumpata mtoto kwa kidole.

Baada ya chuo nilipata kazi nyingine, ya kutengeneza mfumo wa chama kimoja cha akiba na mikopo, na huko nikakutana na kosa ambalo alama za shule zisingeweza kunionyesha kwa udogo wake. Nilikuwa napanga miamala kwa wakati. Wakati katika Java huhesabiwa kwa milisekunde katika namba ndefu ya `long`, ilhali mlinganisho unatakiwa kurudisha `int`, aina ya namba yenye nafasi ndogo zaidi, basi nikatoa wakati mmoja kutoka kwa mwingine na kulazimisha jibu liwe `int`. Nilijaribu kwa miamala ya wiki moja, ikapangika. Lakini `int` haibebi zaidi ya 2,147,483,647, na milisekunde kiasi hicho ni siku 24 na saa 20 na nusu hivi. Miamala iliyopishana kwa siku 25 ilizidi kiwango, jibu likageuka hasi, na muamala wa baadaye ukadai kuwa umetangulia. Mfumo ulifanya kazi vizuri mwezi wa kwanza, na mwezi wa pili ukasimama kwa ujumbe kwamba methodi ya ulinganisho imevunja mkataba wake.

Ujumbe ule uliniudhi siku hiyo, na leo naushukuru. Mkataba wenyewe ni mfupi: ikiwa A anatangulia B, basi B hawezi kumtangulia A, na ikiwa A anatangulia B na B anatangulia C, basi A anatangulia C. Kabla ya toleo la 7 la mwaka 2011, Java isingesema lolote. Ingetoa orodha iliyovurugika na kuniacha niamini kwamba ni sahihi. Toleo hilo lilileta kwa ajili ya vitu mbinu iitwayo Timsort, ambayo Tim Peters aliibuni mwaka 2002 kwa ajili ya lugha ya Python, nayo wakati inaunganisha mafungu inaweza kugundua kwamba ulinganisho unajipinga. Inaweza, lakini si lazima igundue. Orodha yenye vitu pungufu ya 32 haiunganishwi kabisa. Hupangwa kwa kuingiza kila kitu mahali pake, na ujumbe hauwezi kutokea. Majaribio yangu yote yalikuwa na miamala kumi, kumi na tano. Sasa sitoi namba moja kutoka kwa nyingine katika mlinganisho hata pale ninapojua ni ndogo, naandika `Integer.compare` au `Long.compare`, na nafanya majaribio kwa maelfu ya vitu vilivyochanganywa.

Niliposoma jinsi Timsort inavyofanya kazi nilimkumbuka mwalimu na ile meza. Haianzi kwa kuvuruga orodha. Inatafuta kwanza vipande ambavyo tayari vimepangika, inaviheshimu kama vilivyo, kisha inaviunganisha kwa kutazama kichwa cha kila fungu. Ikikuta orodha yote imeshapangika, huipitia mara moja tu na kumaliza. Na vitu vilivyolingana huviacha kwa utaratibu uliokuwepo, kama yeye alivyoliheshimu daftari la mahudhurio, ndiyo maana mtu anaweza kupanga kwa jina kwanza, kisha kwa mkondo, na ndani ya kila mkondo majina yakabaki katika alfabeti. Uunganishaji wa mafungu kwa kompyuta ulibuniwa na mwanahisabati John von Neumann mwaka 1945. Mwalimu hakuwa amewahi kulisikia jina hilo. Alifundishwa na mwalimu mwenzake, ambaye naye alikuwa ameona kwamba kuchanganya mafungu yaliyopangwa na kuanza upya ni kupoteza usiku.

Mbinu nyingine mashuhuri, iitwayo Quicksort, ambayo namna yake mpya ndiyo Java huitumia kwa namba tupu, ilibuniwa na mwanasayansi wa kompyuta Tony Hoare mwaka 1959 alipokuwa mwanafunzi mgeni mjini Moscow, akishughulikia tafsiri ya Kirusi kwa mashine, kwa kuwa alihitaji kupanga maneno ya sentensi ili ayatafute katika kamusi. Mbinu hiyo haihifadhi utaratibu wa vilivyolingana, na kwa namba hakuna hasara, maana 45 na 45 hazina majina. Wanafunzi wawili wenye 45 wana majina. Kwangu tofauti hiyo inatosha kueleza kwa nini Java hutenganisha namna ya kupanga namba na namna ya kupanga vitu, na ningependa wanaofundisha wangeianzia hapo.

Hata hiyo Timsort, iliyokuwa ikitumika katika kompyuta zisizohesabika, mwaka 2015 watafiti akiwemo Stijn de Gouw walipojaribu kuthibitisha kwa hesabu kwamba ni sahihi, walikuta dosari iliyoweza kuiangusha katika orodha kubwa za aina fulani, nayo ikarekebishwa. Nilipoisoma habari hiyo nilirudi kwenye programu ya shule, nikapitia kila mlinganisho upya nikiwa na karatasi na kalamu.

Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania lilitoa matokeo ya kidato cha nne bila kutangaza shule bora wala wanafunzi bora kama ilivyokuwa desturi. Wiki chache baadaye mwalimu alinipigia simu. Baada ya salamu alisema kwamba wamekubaliana na mkuu wa shule kuwa mkeka wa ubaoni usipangwe tena kwa nafasi. Upangwe kwa alfabeti, na orodha ya nafasi ibaki katika faili lake na katika ripoti ya kila mzazi. Aliniuliza kama ni kazi kubwa. Nikamwambia, "Hapana, Mwalimu, ni mstari mmoja," na kwa kweli ulikuwa mstari mmoja, kwa kuwa milinganisho yote miwili ilikuwepo tayari, kila mmoja kwa jina lake. Nilimwuliza waliokosa mtihani wakae wapi katika orodha ya alfabeti, kwa sababu hilo sikuwa nalijua. Akafikiri kidogo, akasema wakae na wenzao, kwa herufi zao, na pembeni iandikwe ABS. Nilichapa orodha zote mbili, na kabla ya kuzituma nikahesabu majina: 134 ya nafasi, 134 ya alfabeti.